Mpira ni Mpira, Mzee

Watu wakipita uani kwangu, wakaliona gari ninaloliunda mwenyewe, wanauliza maswali ya walioshiba. "Litakimbia ngapi hili?" "Utalipiga rangi gani?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama akaniuliza, baba, bomba la mafuta linapita wapi? Na hapo ndipo roho yangu ilipo! Chesisi nimeunga mwenyewe, injini ya 4K ya Corolla ya zamani imeshakaa, usukani unazunguka. Kinachonizeesha ni kibomba cha milimita 8.

Maana tangi liko nyuma, injini iko mbele, na hapo kati kila njia ina mwenyewe. Katikati kuna propela shafti, ile fimbo ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, haitaki mgeni. Kulia ekzosi. Kushoto kuna waya wa handibreki na bomba za breki. Bomba langu linahangaika kama mpangaji mwenye watoto saba.

Fundi aliyelipitisha mara ya kwanza alilibananisha na ekzosi, eti "hapa pamenyooka". Pamenyooka kweli! Jua la Dar, ekzosi inawaka, na petroli ina vitu vyepesi ndani yake vinavyoanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 40. Pampu ya 4K iko kule mbele ubavuni mwa injini, kazi yake kuvuta. Sasa ukivuta kinachochemka unapata nini? Mvuke. Kabureta nayo, ile ya kuchanganya petroli na hewa, imekaa upande uleule wa ekzosi, juu yake, inapikwa kwa chini. Gari likakohoa, likazima. Wapi? Mbele ya kijiwe cha kahawa, si kwingine. Wazee wote wakageuka mafundi. "Plagi hiyo." "Aa wapi, betri." Muuza mihogo akasema petroli imechakachuliwa.

Basi nikaamua bomba lihamie kushoto, na pembeni yake liwepo jingine jembamba la kurudisha, petroli iwe inazunguka kurudi tangini badala ya kukaa inaiva.

Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. "Naomba mpira wa petroli, milimita 8." Kijana kisu mkononi, anakata tayari. Nauangalia: mpira wa maji ya waipa!

"Mdogo wangu, huu ni wa maji."

"Mzee, mpira ni mpira."

"Petroli itauvimbisha, utameguka ndani, makapi yazibe kabureta."

"Basi petroli isikae humo muda mrefu."

Nimeishi miaka yote hii nikiusubiri ushauri huo.

Fundi friji wa mtaani naye akaniletea bomba la shaba. Linang'aa, linapinda kwa mkono, bei ya ujirani. Lakini friji lake haliendi Buguruni kwenye makorongo! Shaba ikitikiswa kila siku inakakamaa, inapasuka, na petroli haiombi ruhusa ya kumwagika. Nikarudi kwenye chuma, nikakipinda taratibu kwenye nguzo ya banda la kuku. Ncha nikazitunisha ili mpira usichomoke. Klipu nikachagua za mkanda laini, maana zile zenye matundu zinatafuna mpira. Nani ameniambia hongera? Mama watoto anasema chai inanuka petroli. "Wenzio wananunua gari," ananiambia, "wewe unanunua harufu."

Sawa. Bomba likakaa kushoto, limeshikwa na vibano vyenye mpira, mbali na kila chenye moto. Nikashusha tangi, nikalipeleka mbali, nikamwita mchomeleaji azibe kitundu kimoja tu cha sakafu. Kimoja! Nikaenda zangu Ijumaa. Kurudi, namkuta kijana anafuta jasho, uso umejaa furaha.

"Mzee, nimekufanyia hisani, wala sikudai. Ile ekzosi ilikuwa imebanana kule kulia. Nimekuhamishia kushoto."