Jengo jipya la shule: bodi ifiche nini, na hadi lini?

Wazazi wengi huja kusikia habari za jengo jipya la shule wakati mchoro umeshakamilika na kiwanja kimeshalipiwa. Bodi ya shule huitisha mkutano, msanifu majengo anaonyesha picha, watu wanauliza kuhusu lango na vyoo, kisha wanaambiwa maoni yao yamepokelewa. Maswali yenye uzito ni kwa nini shule hii imetangulizwa kabla ya ile, na kwa nini kujenga upya badala ya kukarabati. Hayo hayana tena nafasi. Lawama za upendeleo huanzia hapo, hata pale ambapo bodi imetenda haki.

Tuitendee haki bodi nayo. Ikitangaza mapema kwamba inakitaka kiwanja fulani, mwenye kiwanja atapandisha bei kesho yake, na anayelipa tofauti hiyo ni mlipa kodi yuleyule anayedai uwazi. Zabuni nazo, kabla hazijafunguliwa, lazima zifichwe, la sivyo mkandarasi mmoja atachungulia bei ya mwenzake. Tena kila mwezi wa mabishano una gharama: vifaa hupanda bei, na watoto huendelea kubanana katika madarasa ya muda. Wajumbe wanaosema hawawezi kupeleka kila jambo mkutanoni hawasemi uongo.

Lakini siri hizo zote zina kikomo chake. Bei ya kiwanja ni siri hadi mkataba utiwe saini. Zabuni ni siri hadi siku ya kufunguliwa. Tatizo ni bodi zinazochukua sababu ya wiki chache na kuifanya pazia la kudumu. Jimbo la California nchini Marekani limelijaribu jambo hili kwa muda mrefu. Sheria yake ya mikutano ya wazi, ya mwaka 1953, inairuhusu bodi kujifungia inapojadili bei na masharti ya ardhi, lakini kabla ya kujifungia inapaswa kutaja hadharani ni ardhi ipi, nani atazungumza kwa niaba yake, na anazungumza na nani. Bei inabaki siri. Kwamba kuna ununuzi unaokuja, hapana. Mwaka 2000 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali mikopo ya majengo ya shule ipitishwe kwa asilimia 55 ya kura badala ya theluthi mbili. Masharti yakafuata: orodha ya miradi itajwe kabla ya kura, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na iundwe kamati ya wananchi isiyo na mfanyakazi wa shule wala mkandarasi wake. Bodi ilipunguziwa kizuizi, ikaongezewa macho ya kuitazama. Naona huo ni mpango wa haki kwa pande zote mbili.

Kuna wanaoona uwazi ni suala la pesa tu. Januari 2016, mjini Edinburgh, Scotland, ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs ulianguka wakati wa dhoruba. Zilidondoka takriban tani 9 za matofali, na kwa bahati ilikuwa alfajiri, kabla watoto hawajafika. Miezi michache baadaye shule 17 za mji huo zilifungwa kwa ukaguzi. Zilikuwa zimejengwa chini ya mkataba mmoja kati ya serikali ya mji na kampuni binafsi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vyuma vinavyoshikanisha tabaka mbili za ukuta havikuingizwa vya kutosha ndani ya saruji, na kwamba hapakuwa na mkaguzi huru aliyesimama pale wakati tofali likipangwa. Ukuta ukishafunikwa, kosa la namna hiyo halionekani kwa macho. Kwa hiyo ripoti za ukaguzi wa ujenzi zinapaswa kuwa wazi kwa mzazi kama zilivyo hesabu za fedha, na mkaguzi asiajiriwe na yule anayemkagua.

Upande wa haki ni mgumu zaidi, na hapa watetezi wa uwazi, nami nikiwemo, tunapaswa kuwa waangalifu. Mkutano wa hadhara si kioo cha jamii. Anayehudhuria ni mwenye nafasi jioni, mwenye usafiri, aliyezoea kusimama na kusema. Mzazi wa zamu ya usiku hayupo. Bodi ikifuata makofi ya ukumbini, shule yenye wazazi wenye sauti itapata jengo la pili kabla shule yenye paa linalovuja haijapata la kwanza, na kila kitu kitakuwa kimefanyika mbele ya watu.

Ndiyo maana naamini vigezo vinapaswa kutangulia majina. Kabla shule yoyote haijatajwa, bodi iweke mezani inapima nini na kwa uzito gani: hali ya majengo, msongamano madarasani, umbali anaotembea mtoto, ongezeko la wanafunzi linalotarajiwa. Uzito huo wenyewe una upande. Ukipendelea msongamano, mitaa inayokua itashinda; ukipendelea uchakavu, mitaa ya zamani itashinda. Hakuna fomula itakayomwondolea mjumbe wajibu wa kuchagua. Lakini ni rahisi watu kubishana kwa uaminifu kuhusu uzito wa vigezo wakati bado hawajui shule yao itaangukia wapi. Orodha ikishatoka, kila mmoja hutetea ya kwake, na mjumbe mwenye ndugu katika biashara ya ujenzi au shamba jirani na kiwanja anakuwa amechelewa kujitoa kwenye kura.

Bado wapo watakaosema utaratibu huu utawachelewesha watoto wanaohitaji darasa leo. Hofu hiyo ina msingi pale penye dharura, kama jengo lililoungua au kutangazwa hatari. Hapo bodi ijenge kwanza, na ieleze kwa maandishi kwa nini iliruka hatua. Kwa miradi ya kawaida, iliyochukua miaka kupangwa, mwezi mmoja wa kujadili vigezo si mzigo. Na shule iliyokosa ipewe barua: ilipata alama ngapi katika kila kigezo, nani alizipima, na ombi lake litarudi mezani lini.