Upepo Wenyewe Haujaulizwa

Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye mkutano wa mitambo ya upepo, mgongo unauma, kichwa kinagonga, na hata sijui mimi ni wa kukubali ama wa kukataa. Nilienda na msimamo thabiti kabisa, jamani. Msimamo wangu ulikuwa nikae kiti cha nyuma karibu na mlango, wakishafungua tu mkutano nijifanye nimepigiwa simu niondoke zangu. Sasa mwenyekiti si akaniona. "Mzee wetu, pita mbele huku." Ukishaitwa mzee wetu mbele za watu utakimbilia wapi?

Habari yenyewe mnaijua. Kampuni inataka kusimika minara ya kuzalisha umeme kwa upepo baharini, kilomita 20 na ushee kutoka ufukweni, na tangu tangazo libandikwe watu hawasalimiani vizuri. Kuna wanaokataa, kuna wanaokubali, halafu tuko sisi tunaotaka kulala.

Kilichoharibu siku ni ile picha. Binti wa kampuni, mpole, kajiandaa, katandaza picha ndefu upande mzima wa ukumbi, bahari yetu hii hii, na kule mwisho wa macho kuna vijiti. Vijiti tu vyembamba. Akasema picha imetengenezwa kitaalamu, lakini ili uone vile itakavyokuwa kweli lazima usimame umbali fulani, jicho lielekee katikati, akaonyesha alama ya utepe sakafuni. Hapo ndipo alipotuangusha. Huwezi kuwaambia watu ukumbi mzima kwamba ukweli unaonekana ukisimama sehemu moja tu yenye ukubwa wa kiti. Watu wakapanga foleni, foleni ikawa msukumano, msukumano ukawa "wewe umeshaona toka na mimi nione". Mzee mmoja aliyesahau miwani nyumbani akasimama pale kwenye utepe akasema mimi sioni kitu, binti akatabasamu kabisa, akadhani kapata mtu. Mwingine hakutaka utepe, alienda mpaka pua ikagusa picha, akageuka na kutangaza, "Mikubwa hii! Mikubwa sana!" Rudi nyuma! Umeambiwa hatua tatu nyuma! Harudi.

Halafu mama mmoja, mtulivu tu, hajasema neno tangu asubuhi, akauliza mbona picha ina ukungu. Kimya. Kwa hiyo mlivizia siku ya ukungu ndo mkapiga? Binti akasema hapana mama, ya siku ya jua ipo, ipo kwenye kompyuta. Kompyuta iko wapi? Kwenye gari. Gari liko wapi? Limeenda kuleta maji. Na ya usiku je, akauliza, maana mimi bahari naiangalia usiku nikikosa usingizi. Binti akaeleza kwamba juu ya minara kuna taa nyekundu za kuonya ndege, zinawaka na kuzima, ila siku hizi kuna rada inayoziwasha pale tu ndege inapokaribia. Jamaa wa nyuma akadakia, "Na ndege zikipita usiku kucha?" Ndege gani zinapita hapa usiku kucha? "Zikianza je?" Na mwenyekiti, badala ya kumkalisha, eti akasema hoja hiyo iandikwe.

Hapo nikaulizwa mimi, kwa kuwa niko mbele. Nikavuta kola, nikakohoa kidogo kiutu uzima, nikasema kwa heshima na taadhima suala hili lina pande mbili. Nikazomewa na pande zote mbili.

Baada ya hapo vikaanza vita vya simu, kila mtu kashika yake. Mmoja anasoma kwamba Nantucket kule Marekani, Julai 2024, panga la mtambo lilikatika baharini, vipande vikatapakaa mpaka ufukweni, watu wakazuiwa kuogelea. Ni kweli. Kijana mmoja msomi akajibu Denmark waliweka mitambo 11 baharini huko Vindeby tangu 1991, ikafanya kazi miaka 25 hivi, ikazeeka, wakaing'oa, na bahari bado ipo. Nayo ni kweli. Sasa mimi nifanyeje na kweli mbili?

Kuna mwingine alisimama kwa niaba ya nyangumi. Nyangumi hakuwepo. Akasema New Jersey, huko huko Marekani, walikufa nyangumi kibao miezi ile ya baridi ya kuamkia 2023, sababu ni huu upepo. Kijana msomi, na hapa namlaumu kwa kukosa busara si kwa kukosa elimu, akasema kule mitambo ilikuwa hata haijasimikwa, zilikuwepo meli za kupima tu, na NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya mambo ya bahari na hali ya hewa, ambao ndio kazi yao wakasema hakuna ushahidi wa kuwahusisha, tena akaendelea, angeishia hapo angeshinda, lakini akaendelea kwamba kati ya wale nyangumi wenye nundu waliochunguzwa tangu 2016, kama asilimia 40 walikuwa na dalili za kugongwa na meli au kunaswa na zana za uvuvi. Wavuvi wakainuka wote kwa pamoja. "Kwa hiyo sasa ni nyavu zetu?" Alikalishwa na mjomba wake.

Na msidhani ni sisi wanyonge tu tunaopiga kelele. Donald Trump kabla hajawa rais alienda mahakamani kuzuia mitambo 11 isionekane kutoka kwenye uwanja wake wa gofu karibu na Aberdeen kule Uskoti, akashindwa mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, mitambo ipo inazunguka. Akina Kennedy, ile familia ya wanasiasa wa Marekani, nao wakapinga Cape Wind, mradi wa mitambo 130 baharini huko Massachusetts, ukatajwa 2001, kesi, mikutano, rufaa, barua, ukafa 2017 haujasimama hata mnara mmoja. Miaka 16! Mimi asubuhi moja tu nimepinda, hao walikuwa wanakalia viti gani?

Ila wavuvi nawaelewa, hapo sitanii. Ghuba ya Saint-Brieuc kule Ufaransa walienda na maboti yao kupinga mitambo 62, hawakuwa wanapinga mandhari, walikuwa wanapinga kuchimbwa mahali wanapotoa kombe zao. Ramani ya kampuni ina mraba wa buluu, msafi, na mtu ukimwambia "mtasogea kidogo tu" hujui samaki hasomi ramani. Ukiuliza fidia kuna fomu, na fomu inataka karatasi za chombo, sasa yule anayevuta kamba kwenye chombo cha mwenzie ataandika nini? Anayeparua samaki je? Nikajikuta nimesimama. Nikauliza, sauti hata sikuijua kama ni yangu, huo waya mkubwa unakuja kutokea kwenye ufukwe wetu, mtachimba barabara yetu, malori yatapita mlangoni kwangu, halafu umeme unapita chini ya kitanda changu kwenda mjini na mimi niko juu nawasha mshumaa, ndio mpango huo? Binti akasema "swali zuri sana mzee" akaliandika kwenye daftari. Swali zuri! Ukishaambiwa swali lako zuri ujue jibu hulipati. Hata hospitali wakikusifia ugonjwa ogopa.

Jirani yangu ndiye anayekusanya saini za kupinga, hoja yake namba moja ni kelele. Kelele za kilomita 20. Jenereta lake liko hatua mbili kutoka dirisha langu la chumbani na likiwaka meno yangu yanacheza, nikimwambia anasema "vumilia ndugu yangu, ni dharura." Dharura kila usiku, mpaka saa sita, anaangalia mpira.

Mlangoni wakati wa kutoka wakawa wanagawa fulana. Kampuni fulana nyeupe, wapinzani fulana nyeusi, nikachukua zote, kitu cha bure hakina chama. Nimefika nyumbani nimejaribu nyeupe imeishia juu ya kitovu, nyeusi haipiti mabega. Zote zimeandikwa L. L ya nani? Mtu mzima mwenye tumbo lake la halali havai L, na ukienda kubadilisha wanakuambia kubwa zimeisha, zimeishaje wakati wanaovaa kubwa wote tulikuwa mbele tumekalia vile viti vya plastiki ambavyo navyo anayevitengeneza sijui huwa anampima nani.