Ziwa lilifungwa, dagaa wakarudi: hapo kuna hoja au kuna kelele?

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kufuatia makubaliano yetu Tanzania na Congo, Burundi na Zambia, ili samaki wazaliane. Tangu hapo ukipita Kibirizi, mwalo wa kushushia samaki Kigoma, au ukikaa kijiweni Ujiji ubishi hauishi, na ukitega sikio vizuri unakuta pande zote mbili hoja zimejaa matobo.

Wanaotetea kufunga silaha yao ni moja, "si mliona lilipofunguliwa dagaa walivyojaa?" Sawa, inawezekana kabisa, ila kitu kutokea baada ya kingine sio ushahidi kwamba hicho cha kwanza ndo kimekileta. Miezi hiyo ya kiangazi upepo wa kusini unavuruga maji na kupandisha chakula kutoka chini. Halafu kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika, giza likirudi mzigo unarudi, sasa mtu akichukua siku za giza za Agosti akalinganisha na siku za mbalamwezi za Mei hapo amepima mwezi, hajapima kufunga.

Eti "ama tufunge ama ziwa life". Nani kasema njia ni mbili tu? Makokoro na nyavu za macho madogo mbona bado zipo, si kuziondoa nayo ni njia?

Upande wa pili nao: "babu zetu walivua humu miaka yote, samaki hawakuisha." Babu alikuwa na taa za sola? Wavuvi walikuwa wengi hivi? Ila ile ya "wewe una mshahara, njaa ya mwaloni unaijua wapi" siitupi moja kwa moja kama wanavyofanya wajuaji wa lojiki, wao wakisikia kaguswa msemaji badala ya hoja yake tu basi wanapuliza filimbi. Ukweli dagaa hawaangalii mshahara wa mtu ndo wazaliane, hapo hoja imekufa. Lakini kama swali ni nani anabeba mzigo wa hiyo miezi mitatu, yule mama anayenunua dagaa mwaloni na kuwaanika anajua kitu ambacho mwenye mshahara hakijui, kwa hiyo nafasi ya msemaji ina uzito. Ni maswali mawili, sisi tunayapika sufuria moja.

Na kuonyesha hoja ya babu ni mbovu bado hujathibitisha kufunga ni sahihi. Wapinzani wana hoja nzito zaidi ila siisikii vijiweni: tafiti zilizotoka 2003 zilionyesha ziwa likipata joto maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, chakula cha samaki kinapungua, yaani lawama sio ya mvuvi peke yake. Japo hata hiyo mtu anaweza kuigeuza akasema kama ziwa linazalisha kidogo ndo sababu zaidi ya kuvua kidogo, na mimi hapo ndo nimeegemea, nipo upande wa kufunga, ila sio kwa sababu ya dagaa wa Agosti.