Honi ya Kushoto

Ukimiliki pikipiki yenye masanduku ya aluminiamu ubavuni, jiandae kupewa kazi na kila mtu. Mwanjelwa nimeulizwa chanjo ya kuku ni shilingi ngapi. Uyole mzee mmoja alinisimamisha akalalamika kwamba mkopo wake umechelewa. Watoto wa mtaani kwetu wameshaamua ni aiskrimu, ingawa mtu wa kuuza aiskrimu Mbeya mwezi wa saba anatakiwa kwanza apimwe akili.

Ni Kawasaki KLR650: silinda moja, injini ya cc 651, tanki la lita 23 hivi, na urefu ambao mke wangu huupanda kwa kukanyaga ndoo. Aina hii ilianza kutoka mwaka 1987 na ikakaa miaka mingi bila kubadilika sana, ndiyo maana Wazungu wanaovuka Afrika wanaiamini. Mwenyewe wa kwanza alikuwa anatoka Nairobi kwenda Cape Town. Alifika Mbeya pikipiki ikiwa nzima, mgongo wake ndio umekwisha. Akaniuzia, akapanda basi la Tunduma. Habari za ushuru tuziache.

Matengenezo nafanya mwenyewe uani. Filta ya sponji naiosha, naikausha, naipaka oili, maana vumbi la huku likipenya hadi kwenye silinda linasaga pistoni bila huruma. Kile kijipande cha kukazia cheni ya balansa, ile inayotuliza mtetemo wa injini, ambacho wenye KLR dunia nzima hupenda kukitoa na kuweka kigumu zaidi, nilikiagiza Marekani nikakifunga kwa mikono hii. Tairi la mbele ni inchi 21, na ukilitaja dukani hapa mjini muuzaji anakuangalia kwa huzuni, kwa sababu yeye anazo za bodaboda tu, 17 na 18. Kwa hiyo tairi langu linatoka Dar es Salaam kwa basi, limefungwa kamba na limeandikwa jina langu kwa chaki.

Umeme siugusi. Umeme una mwenyewe, naye ni shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyejifunzia ufundi gereji na kumalizia kwangu.

Shemeji alinifungia soketi ya kuchajia simu, ikachaji. Akanifungia vishikio vya kupasha joto viganja, na hapo nilimpenda kwa dhati. Anayejua asubuhi ya Mbeya mwezi wa saba atanielewa. Ndipo akaanza kuisema honi. Honi ya kiwandani ilikuwa inalia piii, mlio wa kuomba samahani. Kwenye barabara ya Tanzam, katikati ya malori ya mafuta yanayokwenda Zambia, ilikuwa haina tofauti na kukohoa.

"Shemeji," akasema, "wewe unahitaji kusikika."

Akaja na honi ya upepo. Tarumbeta mbili na pampu yake, mlio uleule wa kosta za kwetu: paa-pi-paaa. Alikuwa amefanya utafiti pia, kwamba magari mengi makubwa ni volti 24 na pikipiki ni 12, akatafuta ya 12. Hilo nampa haki yake. Akaweka na rilei, maana pampu ile inakula umeme mwingi ambao kitufe kidogo cha honi hakiwezi kuubeba: kitufe kinaiamsha rilei, rilei ndiyo inayoufungulia umeme mkubwa kutoka kwenye betri. Kitaalamu kabisa.

Tatizo lilikuwa waya. Dukani alikuta robota la waya mwekundu likiuzwa kwa bei ya jioni, akalinunua lote. Waya wa kitufe mwekundu. Wa vishikio mwekundu. Wa soketi, wa taa za ziada, wa rilei, wote wekundu, akazifunga nyaya zote fungu moja na kulipitisha shingoni mwa usukani. Nikamuuliza tutatofautishaje.

"Mimi ninajua upi ni upi," akajibu. "Waya ukijulikana na kila mtu, fundi atakula wapi?"

Pampu nayo ilikosa pa kukaa. Akaiweka nyuma ya siti, mahali pa kimkoba cha spana. Kimkoba kikaenda rafuni, sebuleni, karibu na picha ya harusi.

Wiki hiyohiyo mke wangu akanituma kwao, Matamba, nipeleke sukari, mafuta na blanketi la baba mkwe. Kwa asiyeijua njia: unatoka Mbeya, Uyole, Inyala, Igurusi, unafika Chimala, na hapo unaiacha lami kuupanda ukuta wa mlima kwenda upande wa Kitulo, kule kwenye hifadhi wanakoita Bustani ya Mungu. Ukuta huo una kona 57. Watu wamezihesabu na kila anayepanda huzihesabu tena kuhakikisha. Barabara ni mawe na vumbi, pikipiki inatetemeka hadi meno, na kadiri unavyopanda hewa inapungua huku kabureta ikiendelea kumwaga petroli ileile, hivyo injini inaanza kuguguna na kutoa moshi mweusi. Nilipanda hivyo, nikiguguna, viganja vikiwa na joto. Honi haikulia hata mara moja. Huko ndani ya fungu jekundu, nyaya zilikuwa zinasuguana kimyakimya.

Lango la ukweni unaliingia kwa kukata kushoto. Nikakata.

PAA-PI-PAAA!

Mama mkwe akatoka na mwiko. Baba mkwe akatoka na kofia mkononi, nadhani alikuwa anaombea chakula. Jirani akatoka mbio na begi na mtoto mgongoni, anauliza kama siti za mbele zimebaki. Nikanyoosha usukani, kimya. Nikaugeuza kushoto niegeshe: PAA-PI-PAAA! Nikaelewa palepale. Nyaya mbili zimechubuka shingoni, usukani ukienda kushoto zinabanana, rilei inaamini nimebonyeza.

Nikafungua mdomo niseme kuna hitilafu.

"Mkwe," baba mkwe akawahi, "hiyo ndiyo kazi ya kijana wetu?"

Nikasema ndiyo, baba.

Akageukia majirani, ambao sasa walikuwa uwanja mzima. "Mlisema huyu mtoto hatafika popote. Mkwe, hebu kata tena kushoto."

Nikakata. Mama mkwe akafuta machozi kwa kona ya kitenge. Alikuja balozi, alikuja mwalimu mstaafu, alikuja mzee mmoja asiyesikia vizuri, naye huyo alisikia. Kwa kila mgeni niliombwa nikate kushoto. Sasa niambie, wewe ungesema saa ngapi kwamba kazi ya mtoto wao ni mbovu? Ukweni ni ukweni. Nilikula ugali na kuku nikiwa nimefunga mdomo kwa yote mengine.

Asubuhi, wakiwa shambani, niliomba spana kwa jirani nikisingizia kioo cha pembeni kimelegea. Akaniletea panga. Nikalishika lile panga, nikainama, nikaliangalia fungu la nyaya nyekundu. Mmojawapo ni wa honi. Mwingine ni wa kuwasha pikipiki. Ningekosea, ningehamia Matamba. Nikamrudishia panga lake, nikamwambia kioo kimepona.

Niliaga, nikatoka langoni. Kutoka ni kulia, asante Mungu. Mbele kidogo, mahali pasipoonekana kutoka ukweni, nikavua soksi nikazisokomeza kwenye tarumbeta, kila moja na yake. Kona ya kwanza ya kushoto soksi moja ilifyatuka ikavuka barabara. Ya pili sijui ilikoangukia. Niliteremka Chimala na viatu bila soksi, mwezi wa saba, viganja vikiungua na vidole vya miguu vikiganda.

Kona zile zinapishana, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nusu ya 57 ni yangu. Na nchi hii tunapita kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto ndiyo ya ndani, ndiyo inayotaka usukani uende hadi mwisho. Nilijaribu kuifungua kona moja kwa kuipitia kwa upana ili usukani usigeuke sana, nikakutana uso kwa uso na lori linalopanda kufuata viazi. Dereva alinipigia honi. Nikarudi ndani, nami nikampigia, bila kupenda. Nilisikia utingo wake akisema, "Huyu naye ana jeuri."

Kumbe kuna watu. Kutoka juu hadi chini kuna njia za mkato zinazokatiza kona, na watu wa kwenda Chimala wanateremka kwa miguu huku wakitega sikio. Wakisikia kosta wanakimbilia barabarani. Nikakata kushoto, PAA-PI-PAAA, vichaka vikafunguka: mama na ndoo ya maharage, vijana wawili na gunia la viazi la lumbesa, mwanafunzi na godoro. Wanasimama, wananiona, wanatazama nyuma yangu kuitafuta gari yenyewe. Mimi nimeshapita. Wanarudi kwenye mkato, wanateremka wima, na kwa kuwa mkato ni mfupi wanafika kona ya chini kabla yangu, wananikuta tena. Watu walewale. Mara ya pili walinuna. Mara ya tatu yule wa godoro alinirushia jiwe, dogo, la heshima.

Kona moja alisimama bibi mwenye kuku wawili, katikati ya barabara, hakukuwa na kumkwepa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye kosta?"

"Hapana, bibi. Mimi ni pikipiki."

"Lakini umelia kosta." Akazunguka, akagonga sanduku la aluminiamu kwa kidole. "Hapa kuna nini?"

"Tupu, bibi."

"Basi wanaingia. Mpe binti yangu stendi ya Chimala, anauza ndizi. Mwambie mmoja ni wa kwake, mmoja ni wa kuuza, ajue mwenyewe."

Huwezi kubishana na bibi aliyekimbia mlimani kwa ajili ya mlio wako. Kuku wakaingia, kifuniko nikakiacha na upenyo. Kutoka hapo kila honi ilijibiwa na kuku.

Chimala binti hakuwepo kwenye ndizi zake, amekwenda kusaga. Ndiyo maana nilikuwa bado nimekaa pale stendi, na kijana mmoja fundi wa bodaboda akinifungulia tanki, kosta yenyewe ya Matamba ilipoteremka.

Ilikuwa tupu. Dereva, konda, na mzee mmoja aliyelala.

Konda akaruka kabla haijasimama. "Gari iliyokuwa mbele yangu iko wapi? Nimeisikia mlima mzima! Inakusanya abiria wangu!" Watu wakaninyooshea kidole. Akaja, akaizunguka pikipiki, akachungulia nyuma ya mti. "Gari, nimeuliza." Fundi akagusanisha nyaya mbili kunionyesha zilipochubuka, wa kitufe na wa vishikio. PAA-PI-PAAA. Konda akakaa chini.

Wakati wazee wa stendi wakiijadili kesi yangu, abiria wakaanza kutokeza kwa miguu, vumbi hadi kope, gunia likibebwa na watu wawili. Wakamvaa konda: kwa nini mmetupita?

"Nimepiga honi kila kona!"

"Honi tulishaisikia," akasema yule wa godoro. "Tukasema hatutoki tena."

Mzee mmoja alihoji kama mlio unaweza kuwa mali ya mtu. Mwingine akamuuliza konda kama honi yake ameisajili. Mwishowe ikaamuliwa ninunue soda za kosta nzima, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba kosta ilikuwa tupu, hadi nikagundua kwamba waliofika kwa miguu nao wanahesabiwa.

Nikampigia shemeji simu nikamweleza yote: soksi, jiwe, kuku, konda, soda. Akakaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo," akasema, "inasikika mlima mzima?"

Konda akaninyang'anya simu. Nilidhani anakwenda kumtukana. Kumbe alikuwa anataka honi mpya, mlio ambao hakuna mwingine anao, abiria wasichanganyikiwe tena. Wakaelewana bei mimi nikiwa nimesimama pale na kuku wa watu. Jumapili iliyofuata shemeji alishuka Chimala na honi ya volti 24 kwenye boksi na mabaki ya lile robota begani.

Sasa kosta ile inalia kila ikikata kushoto. Abiria hawajalalamika, konda anasema ni tangazo. Mama mkwe ndiye amefaidi zaidi: asubuhi anaisikia ikianza kupanda, anahesabu, na ikibaki milio kumi hivi ndipo anabandika maji ya chai ya wageni.