Kishoka hauzi sheria, anauza taarifa

Jumatatu moja ya Julai, katika baridi ile ya Mbeya inayomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili, nilimkuta mteja wangu kwenye benchi la nje ya mahakama saa moja na nusu asubuhi. Mama wa makamo, kajitanda vitenge viwili juu ya sweta. Alikuwa ametoka Chunya tangu Jumapili mchana, yeye na mashahidi wawili, wakalala kwa shemeji yake Mwanjelwa ili wasichelewe. Nauli za watu watatu kwenda na kurudi zilitoka mfukoni mwake, na chakula pia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu wakili. Leo tunamaliza?"

Hatukumaliza wala hatukuanza. Hakimu alikuwa semina, na mashauri yake yote ya siku ile yalikuwa yanapangiwa tarehe nyingine tu. Nikamweleza kwa sauti ile tuliyofundishwa, ya upole na ya mbali kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kuulizwa na jaji yeyote: "Kwani ninyi mlijua lini?"

Tulijua Ijumaa jioni. Taarifa iliingia kwenye kundi la mawakili saa kumi na mbili kasoro. Niliisoma, nikaweka dole gumba kama wenzangu, nikaenda zangu kuangalia mpira.

Kabla sijapata la kujibu, kijana mmoja wa steshenari ya jirani, anayeandikia watu hati za kiapo na kujiita "mtaalamu", akapita na karatasi zake mkononi. Akasema bila hata kusimama, "Mama, mimi ningekupigia simu."

Tangu siku ile nimeacha kuwalaani vishoka, hawa wanaofanya kazi za uwakili bila kuwa mawakili, kwa mkupuo mmoja.

Msinielewe vibaya. Kishoka ni hatari. Nimeona hati ya madai iliyoandikwa na kishoka ikitupwa kwa pingamizi la awali la dakika kumi, na mwenye shamba akaondoka hajui hata ameshindwa kwa kosa gani. Mahakama nayo imeweka mfumo wa e-Wakili ili mwananchi aweze kuhakiki kama mtu aliyempa pesa yake ni wakili kweli na kama leseni yake ni hai. Jambo jema. Lakini kila tukikutana mawakili wa huku nyanda za juu, ajenda ya vishoka inaletwa kana kwamba hawa ni wezi wa sheria. Mimi naona tumekosea bidhaa. Kishoka hauzi sheria, kwa sababu hana. Anauza taarifa. Anajua hakimu gani kasafiri, jalada lipi limepanda masijala, karani yupi yupo zamu, nakala ya hukumu imechapwa au bado. Anaisema kwa Kiswahili, hapohapo kwenye benchi, kabla mtu hajapoteza siku. Sisi taarifa hiyohiyo tunayo, tena mapema kuliko yeye, na tunaikalia.

Hebu fungua kundi la tawi lolote la chama chetu cha mawakili uone kinachopita. Tarehe ya mwisho ya kuhuisha leseni. Mafunzo na pointi zake. Michango ya harusi. Misiba, na hapa nisiwe mchoyo wa sifa: kwa rambirambi sisi ni hodari, wakili hazikwi peke yake. Halafu siasa za chama taifa. Chama cha Mawakili Tanganyika kipo tangu 1954, na uchaguzi wake siku hizi unafuatiliwa mpaka na bodaboda. Agosti 2024, Boniface Mwabukusi alipochaguliwa kuwa rais wa chama kule Dodoma, baada ya kuenguliwa na kurudishwa na Mahakama Kuu, huku kwetu ilikuwa kama timu ya nyumbani imechukua kombe. Mwezi ule ungeniuliza nani anamuunga mkono nani, ningekujibu usingizini. Ungeniuliza ni hakimu gani wa wilaya yupo likizo, ningekuambia ngoja nimpigie karani.

Na si kwamba habari za mahakama haziwezi kwenda mbio. 2023, shauri la kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai lilifunguliwa hapahapa, Mahakama Kuu Mbeya. Agosti 10 majaji watatu walipolitupa, muuza parachichi wa Uyole alijua matokeo kabla mawakili hawajatoka kwenye geti. Kwa shauri lile nchi nzima ilikuwa na masikio. Mama wa Chunya na shamba lake hana kundi.

Wenzangu watasema orodha ya mashauri hubandikwa, tena siku hizi ipo mtandaoni. Ni kweli, na sisemi mahakama imelala. Kufungua shauri kwa mtandao kumetuokoa na foleni za masijala. Kanuni za 2018 zinasema nyaraka ikiwasilishwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabiwa ya siku hiyo, na nakiri zimewahi kuniokoa saa tano na dakika arobaini usiku, umeme umekatika, natumia simu kama modemu na mshumaa juu ya Kitabu cha Sheria. (Kama siku ya kuhesabu ni ile ya kuwasilisha au ile ya kulipa ada ni ubishi mwingine, nao umefika mbele ya majaji.) Lakini mfumo ule una mlango, na ufunguo wa mlango ninao mimi. Mtu wa Ludewa au Makete asiye na wakili anaingia kupitia steshenari. Yaani kishoka tuliyedhani mtandao utamfukuza, mtandao umemfanya mlinda mlango.

Ningeishia kwenye tarehe tu, ungesema nalalamika juu ya nauli. Yapo yanayouma zaidi. 2021 sheria ilibadilishwa, mabaraza ya kata yakanyang'anywa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiziwa usuluhishi. Yakishindwa kupatanisha, yanampa mtu cheti aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila suluhu anaweza kwenda hata bila cheti. Kwa wakili hii ni habari ya zamani. Sasa shuka Mbarali kwenye mashamba ya mpunga, au panda vijiji vya Kilolo, uulize. Utakutana na mzee anayekutolea karatasi ya baraza la kata, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, anakwambia "mimi nilishashinda". Hajashinda kitu. Kapewa karatasi na watu waliojua au wasiojua kwamba hawana tena uwezo huo, na jirani yake kishafika Baraza la Wilaya. Taarifa ya 2021 haijamfikia, na ningependa mtu anionyeshe ni lini tawi letu lilimwandikia.

Mwaka huohuo wakili akaruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo pale anapokaa hakimu mkazi, baada ya miaka na miaka ya kufungiwa nje. Bado nakutana na watu wanaoapa kwamba wakili haruhusiwi kule. Mmoja alikuwa diwani.

Na siku za rufaa je? Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu, 30 tena. Ukitoka Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, 45. Kwenda Mahakama ya Rufani unatoa kwanza notisi ndani ya siku 30. Namba nne tu, zinaenea nyuma ya tiketi ya basi. Lakini kila mwezi anaingia mtu ofisini siku ya sabini na kitu, anakaa, anavua kofia, anauliza "Wakili, tunakata lini?" Baba, kwanza twende tukaombe kuongezewa muda, tena utuambie sababu, na "sikujua" haitoshi. Hapo anaanza kulipia shauri ndani ya shauri. Nami nalipwa, nisijifanye mtakatifu. Sehemu nzuri ya kipato cha ofisi ndogo kama yangu inatokana na watu kuchelewa kujua. Huenda ndiyo maana hatuna haraka.

Tuna Wiki ya Sheria, mtaniambia. Ndiyo, mwishoni mwa Januari, mahema, vipeperushi, mawakili tumevaa fulana, tunatoa ushauri bure. Naipenda na huwa nashiriki. Ila nani aliangalia kalenda ya mkulima? Huku kwetu Januari ni mvua na palizi. Mtu wa Busokelo anayepigania mpaka wa shamba yupo shambani humo humo, na barabara ya kumleta mjini ni tope. Tunaowahudumia wengi ni wa mjini waliopita njia, na wanafunzi. Likizo ya Mahakama Kuu, kuanzia Desemba 15 hadi Januari 31, ipo kila mwaka, ukiacha ya dharura mambo yanasimama, na bado watu wanapanda basi Januari kuja kuuliza tarehe.

Halafu lugha. Februari 1, 2021, kwenye miaka 100 ya Mahakama Kuu pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zepharine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Mwaka uleule sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tulipiga makofi. Ukisoma matangazo yetu ya tawi leo, salamu ni ya Kiingereza, kiini ni cha Kiingereza, na mwishoni, kwenye mchango wa msiba, ndipo Kiswahili kinapotokea kwa sababu pale tunataka kila mtu aelewe.

Nilimweleza haya rafiki yangu wa Iringa, mkubwa wangu kwa umri na kwa namba ya uwakili. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Kamwene, mdogo wangu. Unataka tufungiwe? Wakili hatangazi biashara." Hoja yake ina uzito. Maadili yetu hayaruhusu wakili kujinadi, na mtu akianza kutangaza tarehe za mahakama kila Jumapili na jina la ofisi yake chini, huyo anatafuta wateja kwa mlango wa nyuma. Akaongeza la pili, lililoniuma zaidi: taarifa ya mahakama ni ya mahakama. Nikitangaza mimi kwamba hakimu hayupo, kisha akawepo, yule atakayefutiwa shauri kwa kutohudhuria atanitafuta mimi.

Ndiyo maana sisemi wakili mmojammoja. Nasema tawi, kwa makubaliano na ofisi ya msajili au ya hakimu mfawidhi anayesimamia mahakama, na kwa namba ya shauri tu, bila majina ya watu wala ya ofisi. Redio za huku zinasoma matangazo ya vifo, zinasoma ng'ombe aliyepotea Usangu mpaka rangi ya sikio lake. Zitashindwaje kusoma namba kumi za mashauri ambayo kesho hayatasikilizwa? Ubao mmoja stendi, mahali gari za Chunya, Kyela na Tukuyu zinapopakia, ungefanya kazi kuliko tovuti tatu. Vikao vya Mahakama ya Rufani vinapopangwa kuketi Mbeya au Iringa, sisi tunapata ratiba na kuanza kukimbizana na kumbukumbu za rufaa. Mrufani mwenyewe, aliyesubiri miaka, aisikie pia, si aambiwe na ndugu wa karani. Gharama yake? Tunachangia keki za kuagana zenye bei kubwa kuliko hiyo.

Rafiki yangu akasema nipeleke hoja kwenye mkutano. Nikapeleka. Ikawekwa chini ya "mengineyo", saa kumi na moja jioni, watu wameshaanza kuulizana chakula kipo wapi. Mwenyekiti akasema ni wazo zuri, liundiwe kamati. Nimo kwenye kamati. Hatujakaa.

Wakati nasubiri kamati, nimeanza la kwangu, dogo: kila Jumapili jioni, na daftari mkononi, nawapigia wateja wote wenye mashauri wiki inayokuja. Inachukua kama saa nzima, na wengine wanadhani napiga kudai pesa, hawapokei.

Mama wa Chunya alipokea. Nikamwambia shauri la kesho lipo, hakimu karudi, aje na mashahidi wake.

Akacheka. "Asante mwanangu. Yule kijana wa steshenari alishanipigia Alhamisi. Tupo kwa shemeji hapa Mwanjelwa, tunakula."