Cheti cha sekondari Marekani: muhuri uwe wa nani?

Novemba 5, 2024, wapiga kura wa Massachusetts waliamua, kwa takriban asilimia 59, kwamba kufaulu mtihani wa jimbo, MCAS, kusiwe tena sharti la kupata cheti cha sekondari. Sharti hilo lilikuwepo tangu wahitimu wa 2003. Mtihani wenyewe haukufutwa. Wanafunzi wa darasa la 10 bado wanaufanya, maana sheria ya shirikisho inataka kila jimbo lipime Kiingereza na hisabati kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha mara moja sekondari. Kilichonyang'anywa ni rungu lake.

Aliyezoea NECTA au KNEC aweke jambo moja akilini: kule cheti hakitoki kwa baraza la mitihani. Kinatolewa na shule, kwa kuhesabu masomo uliyofaulu, na anayekusahihisha ni yuleyule anayekufundisha. Mtihani wa jimbo ulikuwa kufuli la pili tu.

Kufuli hilo lilikuwa likiwafungia nje wanafunzi kama 700 kwa mwaka, karibu asilimia 1, waliokamilisha kila kitu isipokuwa huo mtihani. Wengi wao walikuwa wenye ulemavu au wanaojifunza Kiingereza. Mfikirie kijana anayefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akiwa na miaka 16. Hesabu anaziweza, ila swali limefichwa ndani ya aya nzima ya Kiingereza. Hisabati ya darasa la 10 ilikuwa na toleo la Kihispania. La Kiswahili, hapana. Angeweza kurudia Novemba au Machi, lakini muda wa kujinoa kwa marudio hukatwa kwenye vipindi vingine.

Hata hivyo, waliotetea mtihani, akiwemo Gavana Maura Healey, hawakuwa wakibwabwaja. Jimbo lina wilaya za elimu kama 300. Orodha ya masomo ya jimbo, MassCore (miaka minne ya Kiingereza, minne ya hisabati, mitatu ya sayansi na kadhalika), ni pendekezo, si lazima. Ukiondoa kipimo cha pamoja kabla ya kuweka kingine, kila wilaya inabaki na mizani yake, na alama za huruma zinapata mlango. Kosa la Massachusetts, kwa maoni yetu, ni hapo: mpangilio, si uamuzi wenyewe. Baraza la kubuni vigezo vipya liliundwa Januari 2025, kura ikiwa imeshapita.

Texas ilipita katikati. Mwanafunzi anahitaji krediti 22 (pointi za masomo aliyofaulu) na mitihani mitano ya jimbo: Aljebra I, Biolojia, Kiingereza I na II, na Historia ya Marekani. Tangu 2015, aliyeshindwa isiyozidi miwili anaweza kupelekwa mbele ya kamati: mkuu wa shule au mwakilishi wake, mwalimu wa somo, mkuu wa idara na mzazi. Anafanya masomo ya ziada, anawasilisha mradi au mkusanyiko wa kazi zake, na wajumbe wote lazima wakubaliane. Mmoja akikataa, basi.

Udhaifu wa kamati hiyo uko kwenye kile kiti cha mzazi. Barua ya kikao ikija kwa Kiingereza kitupu, mzazi asiyekisoma ataketi humo kama mgeni, akiitikia asichokielewa. Shule inawajibika kisheria kumletea mkalimani bila malipo. Aombwe mapema, kabla tarehe haijapangwa.