Kifafa: aliyeona ndiye kipimo

Mtu akianguka kifafa hapa Tanga, siku hizi watu wa nyumbani kwanza wanataka picha ya kichwa. "Apigwe picha, ijulikane kuna nini." Mwenye uwezo anampandisha mgonjwa basi la Dar es Salaam, asiye nao anachangiwa, na mzee mmoja wa ukoo anasindikiza. Yule binti aliyekuwa naye jikoni wakati anaanguka anaachwa alinde watoto. Kwa maoni yangu safari imeharibika hapo hapo, maana kipimo chenyewe kimebaki nyumbani.

Sitanii. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme, na kifafa kinapopiga, umeme huo hulipuka kwa fujo kwa muda mfupi. Ukipita umepita. Mgonjwa anafika hospitali mzima, picha inatoka safi. Hata kipimo cha umeme wa ubongo, alichokianzisha Mjerumani Hans Berger miaka ya 1920, kinaweza kutoka sawasawa kwa mtu mwenye kifafa kabisa. Picha ina kazi yake, siibezi: inaonyesha uvimbe, kovu la ajali ya bodaboda, kiharusi cha zamani, au vifuko vya mnyoo tegu wa nguruwe vilivyojikita kwenye ubongo. (Na asiyekula nguruwe asijipe moyo. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha binadamu aliyeambukizwa, yakakufikia kwa maji, mboga au mikono michafu.) Lakini picha haiwezi kusema kama juzi ulianguka kifafa au ulizimia.

Anayeweza kusema ni aliyeona. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Alikakamaa kwanza au alilegea? Mtikisiko ulianzia mkono gani? Ulimi aliuma pembeni? Alipozinduka alijua yuko wapi? Anayezimia aghalabu hutangulia kuona giza na kutoka jasho, hupauka, na akilazwa chini hurudi upesi. Wa kifafa kikubwa hukaza mwili, macho wazi, kisha hutikisika, na baadaye hubaki amechoka na kuchanganyikiwa. Wako pia wanaofumba macho kwa nguvu huku mtikisiko ukipanda na kushuka hata nusu saa. Sisi watu wa pwani hapo hatuchelewi kusema kapandisha pepo. Wengi wa hawa hawana kifafa na dawa zake haziwafai. Wanahitaji mtaalamu wa kuzungumza nao. Ila hawaigizi, tuache kuwasimanga.

Kinachoniuma zaidi ni cha chuo cha Kurani. Mtoto anasoma juzuu, anakatika katikati ya aya, macho yameganda sekunde kumi hivi, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Maalim anaona uzembe, bakora inapita. Jambo hilo likijirudia siku kwa siku, huenda ni kifafa kisichoangusha mtu. Maalim huyo, badala ya kumchapa, angemwita mama mtoto akamweleza alichokiona, angekuwa ameshafanya nusu ya kazi ya daktari.

Kama simu ipo mkononi, mmoja arekodi. Wengine wamlaze ubavu, waweke nguo chini ya kichwa, wasimtie kijiko mdomoni, wasimbane, na waangalie saa: ikipita dakika 5, hospitali. Povu haliambukizi. Nashangaa bado tunalikimbia.

Kwetu kifafa mara nyingi hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, na nadhani hilo nalo linatuponza. Familia inaona kibao mlangoni, inageuza, isije mtaa mzima wa Ngamiani ukasema fulani ana kichaa. Basi anapelekwa kwa mganga. Sina ugomvi na kisomo wala dua. Anayesomewa na anywe dawa pia. Ugomvi wangu ni na yule anayesema vidonge viachwe ili tiba yake "ishike".

Dawa si ya ajabu. Fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu 1912 na ni ya bei ndogo. Ndiyo aliyoitegemea sana Dk. Louise Jilek-Aall, daktari Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge karibu na 1960. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 7 katika 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Kwa kijana wa Sahare maana yake ni kurudi kwenye kazi ya bahari, ingawa asiende peke yake, na si mpaka kifafa kimetulia kwa muda daktari akaridhika. Kwa mama ni kupika bila kuogopa kuangukia moto.

Shida huanza vidonge vinapokatika. Mgonjwa akiacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo, kimoja hakijaisha kingine kimeingia, na hicho huua. Kwa hiyo vihesabiwe vikiwa bado vya wiki nzima, zahanati ikiwa haina pawe na muda wa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa. Na dada yeyote anayetarajia kuzaa aulize jina la dawa anayopewa. Ikiwa ni valproeti amwambie daktari mapema, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni na dawa nyingine zipo. Aulize kabla ya mimba, wala asiiache mwenyewe.